Tupeane uzoefu: nani kaambukizwa na mnyama wake wa nyumbani?

Bi Kibokoni: Wafuga paka wa Mji wa Kale, Mombasa, hebu tupeane uzoefu. Binti yangu aliparurwa mkononi na kitoto cha paka, kidonda chenyewe hakionekani. Baadaye kwapani kukatoka mtoki wa saizi ya ndimu, homa kila jioni, kula hataki. Jirani kasema jipu, akaleta kitunguu cha kuchoma. Zahanati wakashuku kifua kikuu cha tezi. Wallahi usiku ule sikulala, namsikiliza anavyohema. Daktari mmoja mzee ndiye aliyemgeuza mkono, akaona kipele kikavu: "Nyumbani mna paka?" Kumbe ni bakteria, Bartonella. Viroboto humwambukiza paka, kinyesi chao chakaa kuchani, akikuparura kishaingia. Na paka mwenyewe mzima, aruka madirishani!

Mwana wa Likoni: Kweli kabisa. Yalinikuta.

Kombo: Fugeni mbwa.

Bi Kibokoni: Mbwa ndani ya nyumba, nisalie wapi?

Ustadh Majengo: Kombo usituharibie mada. Paka si najisi, hadithi ipo.

Muuguzi Tudor: Ustadh, twahara ni jambo jengine, vijidudu jengine. Jino la paka jembamba, lapandikiza bakteria wa Pasteurella ndani kabisa, tundu lajifunga juu, mkono wavimba siku hiyo hiyo. Mbwa nao wana bakteria wa leptospira kwenye mkojo, sawa na panya. Mvua za masika zikifurika, usikanyage maji pekupeku.

Shamsa: Nyie bado. Kwetu ni kasuku wa marehemu nyanya. Mjomba alikuwa akimsafishia tundu, mavi makavu yakatimka vumbi, akalivuta. Homa, kichwa, kikohozi kikavu, akalazwa kwa nimonia. Huku nyumbani kasuku anamwita jina kila alfajiri, kwa sauti ya nyanya!

Kombo: Subhanallah. Ya marehemu?

Mwana wa Likoni: Anauzwa?

Shamsa: Hauzwi. Mjomba na kasuku wote wawili walipona kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria.

Bi Kibokoni: Turudi kwa paka jamani. Viroboto mwatumia nini?

Mwana wa Likoni: Mafuta ya taa.

Muuguzi Tudor: Utamuua! Wala usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini, ni sumu kwake. Muulize daktari wa mifugo. Na ukiumwa na mnyama, osha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, kisha hospitali, maana kichaa cha mbwa, ingawa hicho ni virusi, hata paka huambukiza.

Kombo: Huyo paka mpelekeni sokoni Marikiti akaishi huko.

Bi Kibokoni: Tangulia wewe.