Kuona tamthilia za Kigiriki usiku Epidaurus: meli ya jioni, basi, au kulala huko huko?

MamaZuhura
Wakuu, habari za jioni. Mwakani mwezi wa saba nitakuwa Athens siku nne na mama yangu mzazi. Ana miaka 68 na magoti yake hayaelewani na ngazi. Tangu kidato cha tano nilijiapiza kwamba iko siku nitakaa kwenye ule ukumbi wa mawe wa Epidaurus nione tamthilia ya kale, usiku, juu kuna nyota. Sasa nimekuta safari za meli za jioni. Mnaondoka Athens alasiri, mnakata Ghuba ya Saroniki, mnashuka bandari ndogo ya Palaia Epidavros, basi linawafikisha ukumbini, na onyesho likiisha mnarudi kwa meli huku mnakula. Bei yake imenitoa jasho. Wengine wananiambia panda basi tu. Aliyewahi kufika anieleze, pesa ya meli inalipa?

Baharia Mstaafu
Meli, binti yangu, usiulize mara mbili. Meli yetu ya mizigo iliwahi kukwama Piraeus, bandari ya Athens, kwa matengenezo, tukachanga watu wanne tukaenda na safari kama hiyo. Mimi bahari nimeila miaka thelathini, nilidhani hainishangazi tena. Lakini ile saa jua linapozama, kisiwa cha Aegina kinageuka zambarau halafu cheusi, na kina mama wa Kigiriki wamekaa staha ya juu na mito yao ya kukalia mapajani kama waendao maulidini! Ukishuka Palaia Epidavros unakuta mashamba ya michungwa yameteremka mpaka karibu na maji. Onyesho lenyewe sikuambulia neno. Wakati wa kurudi watu wote kimya, sahani zinagongana tu. Mpaka leo nakumbuka ule ukimya kuliko mchezo.

MkaaziWaKypseli
Shikamoo Baharia. Nakuheshimu, ila umemweleza uzuri ukamficha saa. Nakaa Athens mwaka wa kumi na tisa sasa, na Epidaurus nimekwenda kwa njia zote tatu.

Maonyesho ya ukumbi mkubwa ni Julai na Agosti, kwa kawaida Ijumaa na Jumamosi, yanaanza saa 3 usiku. Hesabu mwenyewe. Tamthilia hukaa saa moja na nusu, mara nyingi mbili. Watu maelfu wanatoka kwa pamoja na magari yote yanagombania barabara ile ile. Mpaka mfike bandarini na meli ing'oe nanga, ni usiku wa manane. Mimi niliingia kitandani saa 10 alfajiri, na wakati huo nilikuwa kijana.

La pili ni upepo. Kipindi hicho kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi. Saroniki imejikinga kidogo kuliko bahari ya visiwa vya mbali, lakini mamlaka ya bandari ikikataza vyombo kutoka, hakuna wa kubisha. Iliwahi kutukuta. Kampuni (siitaji) ikatupakia kwenye basi, chakula cha jioni kikawa mkate na jibini ndani ya mfuko, na nauli hawakurudisha hata senti. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza mambo mawili: bahari ikichafuka wanafanya nini, na je, tiketi ya onyesho imo kwenye bei? Wapo wanaouza safari tu, tiketi unajitafutia kwenye tovuti ya tamasha lenyewe.

Basi: siku za maonyesho KTEL, yaani kampuni za mabasi ya mikoani, huweka mabasi maalum kutoka Athens, yanakusubiri na kukurudisha usiku ule ule. Ni kama kilomita 150, saa mbili na zaidi. Faida ambayo watu wa meli hawaipati ni kuvuka Mfereji wa Korintho. Usisinzie hapo. Ni mtaro umechongwa kwenye mwamba, wima kama ukuta, ulifunguliwa 1893.

KijanaWaUnguja
Samahani wakuu, huo ukumbi ni kama Ngome Kongwe pale Forodhani tunapoangalia filamu na ngoma? Kama ni vile, jiwe nalijua, mgongo unakoma.

MkaaziWaKypseli
Jiwe ni lile lile, tofauti ni ukubwa. Epidaurus ina safu 55, yaani 34 za chini, kisha njia ya kupita, kisha 21 za juu. Tiketi za juu ni nafuu lakini ni mlima. MamaZuhura, kwa magoti ya mama usihangaike na bei, chukua za chini. Na ujue kutoka kwenye maegesho kuna mteremko wa kupanda kwa miguu. Fikeni mapema mpande polepole.

MwalimuWaFasihi
Mnabishana kuhusu usafiri, mchezo wenyewe je? Kwa kawaida waigizaji wanasema Kigiriki cha leo, na tafsiri ya Kiingereza inaonyeshwa kwenye skrini. Ukiwa na macho kwenye skrini unakosa mikono ya kwaya, lile kundi linaloimba na kucheza pamoja. Dawa ni kusoma kisa kabla hujaondoka nyumbani. Ikiwa zamu itakuwa ya Oidipo, bahati yenu, maana tamthilia hiyo tunayo kwa Kiswahili, *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Samuel Mushi. Mama asome kwa Kiswahili, akifika pale atamwonea huruma yule mfalme kabla hajafungua mdomo.

Kuhusu sauti, waongozaji watakuangushia sarafu katikati ya uwanja na kuapa inasikika safu ya mwisho. Mwaka 2007 watafiti wa Georgia Tech walieleza kwamba safu za viti vya mawe ya chokaa huchuja sauti nzito za chini, kama manung'uniko ya watu, na kuacha sauti kali za msemaji zipite. Mwaka 2017 wenzao wa Eindhoven walikwenda na vipimo, wakakuta mnong'ono haufiki juu kama inavyosimuliwa. Mimi nilikaa safu ya 40 na kitu. Mnong'ono sikusikia. Nilichosikia ni nyayo za mjumbe kwenye mchanga, chakacha, chakacha, kabla sijamwona mwenyewe anaingia. Nywele zilinisimama.

Na msisahau pale palikuwa mahali pa wagonjwa. Ukumbi wa karne ya 4 KK umejengwa ndani ya eneo takatifu la Asklepios, mungu wao wa tiba. Watu walikuja kulala wakiomba ndoto ya kuwaponya. Kwa hiyo mama mwenye magoti hatakuwa wa kwanza kufika.

ShangaziWaBologna
Naingilia kati. Kwa nini isiwe Siracusa, kule Sicilia? Ukumbi nao ni wa Wagiriki, na tamthilia za kale zimekuwa zikifufuliwa hapo tangu 1914. Lugha ni Kitaliano. Raha yake uko mjini hapo hapo. Mchana unazungushwa na mashua kuzunguka Ortigia, kisiwa chenye mji mkongwe, jioni unaona mchezo, halafu teksi kidogo umelala. Hakuna saa 10 alfajiri.

MamaZuhura
Shangazi, umenitamanisha, ila tiketi za ndege za Athens nimeshakata. Na Herodeion, ukumbi wa kale pale mjini Athens, nimesikia ukarabati wake ulipangwa kuanza baada ya msimu wa 2025, kwa hiyo siitegemei.

Mama nimemsomea yote haya kwa simu. Kasema, "Mimi meli nitapanda mchana, nione ninakokwenda." Basi ninafikiria hivi: tupande boti asubuhi kutoka Piraeus hadi Aegina tu, tule samaki, turudi. Siku ya mchezo twende na KTEL, lakini tusirudi usiku. Pana pa kulala karibu?

MkaaziWaKypseli
Hapo umepiga penyewe. Lygourio ndicho kijiji kilicho jirani na ukumbi, na migahawa yake hukesha ikisubiri watazamaji. Mkikawia mezani mnaweza kuwaona waigizaji wanaingia, rangi bado masikioni. Palaia Epidavros ni pazuri zaidi kwa sababu ya bahari, ila mtahitaji teksi, na teksi ya usiku huo iagizeni mchana. Vyumba vya wikiendi za maonyesho vinaisha mapema, shika sasa.

Viatu vya visigino haviruhusiwi, na chakula hakiingii.

Baharia Mstaafu
Haya, nimeshindwa. Mwambie mama abebe kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya mabegani. Lile jiwe linakuwa na joto la mchana mpaka saa 4 hivi, halafu linakugeuka.