Nataka kumtengenezea mama taa ya kumjulisha simu ikiita, nianzie wapi?

kijana_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni. Mama yangu masikio yamepungua nguvu sana na kazi yake ni cherehani, anashinda chumba cha nyuma mashine inanguruma kutwa, simu inaita mpaka inakata na mtu akigonga geti ndo kabisa hasikii. Mtetemo wa simu nao bure tu, maana simu inakaa kwenye meza ya cherehani na meza yenyewe muda wote inatetemeka. Nimewaza taa ya rangi: simu ikiita iwake kijani, meseji bluu, kengele ya geti nyekundu. Arduino Uno (bodi ndogo ya umeme unayoiandikia programu) nimeigusa chuoni, kuwasha LED, yaani vitaa vidogo, na kusoma swichi naweza. Nilitaka ninunue SIM800L, kile kifaa kinachotiwa laini ya simu na kuungwa kwenye bodi, niweke laini nyingine ambayo wateja watakuwa wanaipigia. Simu ya mama ni Android na waifai nyumbani ipo. Naombeni mawazo, hii kitu naitaka kweli.

fundi_saketi
Mkuu hiyo SIM800L achana nayo kwa kazi hii. Inataka volti 3.4 mpaka 4.4, sio 5, na ikianza kurusha mawimbi inaweza kuvuta mpaka ampea 2 kwa mpigo, chaja ikiwa dhaifu inajizima na kuwaka upya mpaka unachoka. Halafu inashika 2G tu, mtandao wa zamani. Na ya nini wakati simu ya mama tayari inajua nani kapiga?

Chukua NodeMCU ya ESP8266, nayo ni bodi kama Arduino ila ina waifai humohumo na unaiandikia kwa programu ileile ya Arduino uliyoizoea. Kwenye simu weka MacroDroid, app ya kuifanya simu itende mambo yenyewe, unaiambia simu ikiita tuma ombi la HTTP (kama kufungua anwani ya tovuti) kwenda kwenye bodi, mfano 192.168.1.50/taa?rangi=kijani, bodi inasoma rangi inawasha. Yote yanaishia ndani ya ruta, kwa hiyo hata bando likiisha taa inafanya kazi. Ingia kwenye ruta uifungie bodi anwani yake isibadilike, na uhakikishe ruta inarusha waifai ya masafa ya 2.4 GHz maana ESP8266 haioni 5 GHz. Kitu kingine ambacho watu wanasahau, kwenye setingi za betri za simu iruhusu MacroDroid ifanye kazi muda wote, la sivyo simu inaizima kimyakimya na taa haitawaka tena.

luthuli_mtaani
Naongezea kwa upande wa taa. Tafuta duara la WS2812B lenye LED 12, aina ambayo kila LED unaipangia rangi kwa programu, huku Nairobi maduka ya Luthuli Avenue yanayo, nadhani Kariakoo pia hukosi. Kila LED ikiwaka nyeupe full inaweza kula kama miliampea 60, kwa hiyo 12 ni 720 hivi, chaja ya simu ya ampea 2 inatosha na kubaki. Ila moto (umeme) wa duara utoe kwenye chaja moja kwa moja, usipitishe kwenye pini za bodi, na waya wa GND (ule wa hasi) wa bodi na wa duara lazima uungane, usipouunganisha utaona rangi za ajabu ajabu.

Sasa kuna hii inasumbua wengi: bodi inatoa data (ishara ya kuliambia duara rangi) ya volti 3.3 na duara likiwa kwenye volti 5 linataka kama 3.5 ndo lielewe. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine linapepesa tu. Weka dayodi ya 1N4007 kwenye waya wa 5V unaoingia kwenye duara, inapunguza kama volti 0.7 hivi na data inaeleweka vizuri. Kwenye waya wa data weka resista ya om 330 karibu kabisa na duara, na kapasita ya 1000 µF kati ya 5V na GND, angalia upande wa hasi usigeuze.

Waya wa data weka pini ya D2 ya bodi, swichi ya geti pini ya D5. Usiweke swichi D3, ikibonyezwa wakati umeme unarudi bodi haianzishi programu, inakaa inasubiri kupakiwa mpya. Na waya wa geti kwa vile ni mrefu, weka resista ya kilo-om 4.7 kutoka D5 kwenda 3.3V ndo kengele isijiwashe yenyewe.

dada_mwalimu
Mimi nafundisha watoto viziwi, nina neno hapa. Kaka, usifanye taa iwake halafu ijizime. Mama akiwa ameenda jikoni au ameinamia kitambaa ikazimika, ni kama simu haikuita. Iache iwake mpaka yeye mwenyewe abonyeze kitufe, hapo na wewe unajua ameiona. Taa usimwelekeze machoni, igeuzie ukuta ulio mbele ya cherehani, ukuta mzima ukibadilika rangi ataona hata akiwa anatazama sindano. Na usiipepese haraka haraka, isizidi mara 3 kwa sekunde, kuna watu mwanga wa kupepesa unawaletea kifafa na wateja wake pia wanaingia humo ndani. Polepole ipande ishuke, inatosha.

Na muulize mama mwenyewe rangi anazozitofautisha vizuri kabla hujaandika chochote, yeye ndo wa kuitumia.

kijana_wa_mbagala
Asanteni sana wakuu, dada mwalimu umenifungua macho, kitufe cha kuzima nilikuwa hata sijakiwaza. Nitaweka D6. Umeme wetu unakatika katika, naweza kuweka pawabenki?

fundi_saketi
Unaweza, ila jaribu kwanza dukani kabla ya kulipa. Pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa zinajizima, na NodeMCU taa ikiwa imezimwa inakula kama miliampea 80 tu. Tafuta ile inayokubali kuchajiwa huku inatoa moto. Na ruta nayo iwe na betri yake, ruta ikizimika bodi haina pa kupokelea, itabaki kengele ya geti peke yake maana hiyo inakuja kwa waya. Ukinunua waya wa USB wa kupakia programu angalia uwe wa data, wa kuchajia tu kompyuta haitaiona bodi. Ukishafunga weka picha hapa, na ukikwama kwenye kodi ya programu iweke tuisome.