Wazazi wenye watoto wa S.3 (sekondari mwaka wa tatu), na nyinyi mmeuziwa "kalkuleta ya aljebra"?

Wazazi wenzangu, nimekasirika hadi usingizi umekataa. Mwalimu wa tuisheni wa binti yangu aliagiza kila mtoto aje na kalkuleta "ya aljebra", eti kugawanya sehemu zenye x siku hizi si kazi ya kichwa. Nikaenda mjini Kampala, nikatoa shilingi 95,000 zilizokuwa kodi ya kibanda changu cha soko la Owino. Muuzaji anaapa: "Mama, hii inafanya kila kitu."

Kila kitu gani? Ukiiwekea x, yenyewe inakuuliza x ni ngapi!

Swali lilikuwa hili: (x²−4)/(x²+5x+6) ÷ (x−2)/(x+1). Mtoto akachukua x = 5, akabonyeza 21÷56÷3÷6, ikamtolea 0.0208. Jibu ni 0.75. Mashine haina kosa: bila mabano iligawanya kwa 3, ikagawanya tena kwa 6, badala ya kugawanya kwa 3/6. Habari ya mabano mwalimu hakuigusa hata siku moja, ila pesa yake kila Ijumaa anaikumbuka.

Nilipolalamika akasema basi atumie programu ya simu. Ikatema (x+1)/(x+3). Sahihi, lakini haikutaja kwamba x haiwezi kuwa −3, −2, −1 wala 2. Ile −3 bado unaiona kwenye jibu. Tatu nyingine zimepotea kimya kimya. Weka −1 upate 0 safi, wakati swali lenyewe hapo halina maana. Tena simu hiyo ataingia nayo kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda? Wanaruhusu kalkuleta ya kawaida, isiyo na sauti wala programu, na alama zinatafutwa kwenye hatua.

Mpwa wangu ndiye aliyemwokoa, dakika kumi tu, wamekaa juu ya gunia la maharage: (x−2)(x+2) juu, (x+2)(x+3) chini, pindua ya pili, zidisha, kata zinazofanana. Kalkuleta ikaja mwisho kuhakiki: 6/8, 0.75. Kwa kazi hiyo ile kuukuu ya kaka yake ilitosha!

Jana nimeirudisha dukani, naambiwa mali ikiuzwa hairudi. Nani mwingine amefanyiwa hivi? Jitokezeni, Ijumaa twende kwa huyo mwalimu pamoja, kabla hajaanza kukusanya.