Ushauri: Tangu vije vishikwambi, darasa langu la mazungumzo ya Kiingereza limekuwa bubu

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Nafundisha mazungumzo ya Kiingereza chuo kikuu, mwaka wa kwanza. Wanafunzi wangu hawasomei lugha. Ni wahandisi watarajiwa, wahasibu, watu wa takwimu. Darasa lina watu kama arobaini na kipindi ni saa mbili kwa wiki. Muhula huu idara imepata vishikwambi, kila mwanafunzi na chake, na mkuu wa idara anataka "vionekane vikitumika".

Tatizo ni kwamba watu hawaongei tena. Nikiwapa swali wajadiliane wawili wawili, vichwa vyote vinainama. Mmoja anatafuta jibu mtandaoni, mwingine anaandika sentensi nzima kwenye programu ya kutafsiri, halafu anamsomea mwenzake kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwenzake naye hasikilizi, yuko bize kutafuta la kwake. Zamani walikuwa wanababaisha, wanachapia, wanachekana, lakini walikuwa wanaongea.

Kuvirudisha stoo siwezi, nitaonekana mpinga maendeleo. Na kusema ukweli kuna mambo yake nayapenda, hasa kurekodi sauti. Kwa mliowahi kufundisha au kusoma darasa la namna hii: mnavitumiaje bila kuua maongezi? Tafadhali msinimwagie orodha ya programu. Nataka kujua mnafanya nini hasa mle darasani.

Nawasilisha.

Chaki Mkononi

Vizime. Kwisha habari. Watu wamejifunza lugha za wenzao tangu dunia iumbwe bila kioo mkononi. Mazungumzo ni macho kwa macho.

Kalamu Nyekundu

@Chaki Mkononi, soma uzi vizuri mkuu, mleta mada kashasema hilo haliwezekani.

Mwalimu, kwa nilivyoona mimi kwenye madarasa yangu, kasoro kubwa ni hiyo ya "kila mwanafunzi na chake". Kwenye kipindi cha kusoma au kuandika ni neema. Kwenye mazungumzo kila mtu anapata mahali pa kujificha. Chukua kimoja kwa watu watatu, vingine vifungiwe kabatini. Hicho kimoja kilale chali katikati ya meza, kisisimamishwe kwenye kava lake, maana kikisimama watu hawaonani nyuso. Wawili wanazungumza, wa tatu ndiye mwenye kishikwambi: anarekodi, anasimamia muda, anaandika swali moja la kuwauliza wakimaliza. Halafu mnazungusha zamu. Utashangaa huyo wa tatu anavyosikiliza kwa makini akijua ana swali la kuuliza.

Kila mtu awe na chake pale tu ambapo skrini ya mmoja ina kitu ambacho mwenzake hana. Mfano, picha mbili za chumba kimoja zenye tofauti nane. Huyu ana ya kwanza, yule ana ya pili, na ni marufuku kuonyeshana. Hapo lazima waulizane, "Is there a clock above the door?" Mtandao hauwezi kumsaidia, jibu liko mkononi mwa mwenzake. Wahandisi wape mchoro: mmoja anaeleza, mwingine anachora kwa kidole, mwisho wanalinganisha. Wahasibu na watu wa takwimu nao vivyo hivyo: mmoja ana jedwali lenye mapengo na mwingine ana namba zinazokosekana. Kazi za aina hii zilikuwepo tangu enzi za karatasi. Kishikwambi kinakupunguzia kudurufu tu.

Mkimya wa Nyuma

Mimi ni mwanafunzi, nimesoma darasa la hivyo mwaka jana. Naomba niwasemee wenzangu.

Hatuandiki kwenye programu ya kutafsiri kwa uvivu. Tunaogopa. Ukiwa umetoka shule ambayo Kiingereza ulikiona kwenye daftari tu, halafu mwenzako wa jirani anakitiririsha, bora usome sentensi iliyonyooka kuliko kusema yako iliyopinda. Na wahadhiri wengi wanatoa maksi kwa sentensi iliyonyooka, kwa hiyo tunawapa wanachokitaka.

Mhadhiri wetu alibadilisha mambo mawili. Kwanza, tulipewa dakika tatu za kujiandaa na kishikwambi: tafuta msamiati, tafsiri, uliza utakavyo, ila unaruhusiwa kuandika maneno matano tu, sentensi hapana. Zikiisha, skrini zinageuzwa kifudifudi. Pili, maksi zikahamia kwenye maswali. Mwenzako akisema jambo na wewe ukauliza swali linalotokana na alichosema, unapata. Swali la namna hiyo huwezi kulitafsiri mapema kwa sababu hujui atasema nini.

Halafu ombi moja: msituchukue video. Sauti inatosha kabisa. Nilipoambiwa nijirekodi video, muda wote nilikuwa naangalia uso wangu kwenye kona ya skrini badala ya kufikiria ninachosema.

Mwalimu wa Zamu

@Mkimya wa Nyuma, shukrani sana mdogo wangu. Hilo la maksi limenigusa, maana fomu yetu ya tathmini ina "usahihi wa sarufi" juu kabisa na hakuna popote panaposema kusikiliza.

@Kalamu Nyekundu, nimeielewa hiyo ya watatu watatu. Lakini wakisharekodi, zile rekodi nazifanyia nini? Nisikilize za watu arobaini kila wiki? Nitakufa.

Mama Fonetiki

Usizisikilize wewe. Wazisikilize wenyewe. Hapo ndipo utamu wa kishikwambi ulipo, na ni jambo ambalo ubao haukuwahi kuweza.

Mimi nafanya hivi. Wanazungumza dakika nne na kurekodi. Kisha wanachagua dakika moja tu ya rekodi yao na kuinukuu neno kwa neno, pamoja na "eeh", "you know" na kila kigugumizi. Wanafanya wakiwa pamoja, kishikwambi katikati, hedifoni moja wanagawana au wanaweka sauti ya chini. Dakika moja inachukua dakika kumi na zaidi kuinukuu, kwa hiyo usiwape ndefu. Wakimaliza wanasahihisha wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine, na mimi napita kuangalia yale tu waliyoyakosa. Mwisho wanazungumza tena mada ile ile, safari hii na mtu mwingine.

Wiki hii tu nilikuwa nimesimama nyuma ya kikundi kimoja. Kijana anacheza sehemu yake, anarudisha nyuma, anacheza tena. Amesema, "Yesterday my brother call me and he tell me." Akamgeukia mwenzake: "Mimi ndiye nimesema hivyo?" Mwenzake akacheza tena. Ukimuuliza kijana huyo kanuni ya wakati uliopita anakueleza vizuri kuliko mimi. Anaijua, ila mdomo haujaizoea, na mwenye kumwonyesha hilo ni sauti yake mwenyewe. Nikimkatiza katikati ya maongezi kumsahihisha, ananyamaza kipindi kizima.

Mbinu nyingine ni ile ya 4/3/2, ambayo walimu wa lugha wanaitumia tangu miaka ya 1980. Mwanafunzi anasimulia jambo kwa dakika nne, kisha analisimulia lile lile kwa msikilizaji mpya kwa dakika tatu, kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Kwa kuwa maneno yameshapatikana, muda ukipungua anajikuta anasema haraka na bila kusitasita. Kishikwambi kinarekodi duru ya kwanza na ya tatu peke yake. Wakizisikiliza zikifuatana, tofauti wanaisikia wenyewe, huna haja ya kuwahubiria.

Na kuhusu fomu yako ya tathmini: ule mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, wa A1 hadi C2, uliotoka 2001, unatenganisha kuzungumza peke yako na kuzungumza na mtu. Ni stadi mbili. Kupokea zamu, kuomba ufafanuzi, kuonyesha umeelewa, vyote viko kwenye hiyo ya pili. Programu nyingi za vishikwambi zinafundisha hiyo ya kwanza tu: ongea na skrini, skrini ikupe nyota. Mpelekee mkuu wa idara hoja hiyo ukitaka kuibadilisha fomu. Wakuu wa idara wanapenda mifumo.

Chaki Mkononi

@Mama Fonetiki, haya, hiyo ya kunukuu nimeikubali, japo kinasa sauti cha kaseti kingefanya kazi hiyo hiyo.

Mama Fonetiki

@Chaki Mkononi, kingefanya, kaka yangu. Ila kaseti kumi na tatu kwa mpigo na kurudisha nyuma sekunde tatu kwa kubahatisha, nilishayapitia, sitaki tena.

Fundi Waya

Mimi ni wa upande wa mitambo, nasimamia maabara ya lugha. Nachangia ya ufundi.

Vikundi kumi na vitatu vikirekodi kwenye chumba kimoja, maikrofoni ya kishikwambi inanasa kila kitu kinachopita. Kabla hujanunua chochote, fanya yafuatayo: kishikwambi kiwe karibu na mdomo wa anayezungumza, kiasi cha urefu wa mkono mmoja, upande wenye tundu la maikrofoni uwaelekee wao. Watu wengi wanalifunika tundu hilo kwa kava au kiganja bila kujua. Vikundi visitawanyike sawasawa, visogeze pembeni kwenye kuta na migongo iangalie katikati ya chumba. Hedifoni za waya zenye maikrofoni yake, hata zile za bei ya chini, zinashinda maikrofoni ya ndani ukiwa na kelele.

Rekodi sauti iliyobanwa, MP3 au AAC. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde unapata takriban megabaiti 1 kwa dakika. Ukiacha mpangilio wa WAV, yaani sauti isiyobanwa, wa ubora wa CD ni megabaiti 10 na ushee kwa dakika hiyo hiyo, na video ya 1080p ndiyo usiseme. Huyo mwanafunzi aliyekataa video ameokoa na waifai yenu. Maana arobaini wakipakia video kwa pamoja dakika ya mwisho ya kipindi, mtandao unalala.

Kuhusu kuchepuka kwenda mtandaoni: iPad ina Guided Access tangu 2012 na Android ina kipengele cha kubandika programu tangu toleo la 5.0. Vyote vinaifungia skrini kwenye programu moja mpaka uweke namba ya siri, ila kwenye Android lazima kwanza uwashe chaguo la kuidai. Kwa kipindi cha kurekodi unahitaji kinasa sauti tu, na hicho hakihitaji intaneti. Weka hali ya ndege ukitaka. Chaji nazo zipangie mtu. Hakuna kinachoua kipindi kama nusu ya vishikwambi kuwa na asilimia sita.

Mwalimu wa Zamu

Nyie watu mna hazina. Swali moja la nyongeza: mkuu wa idara ana wazo kwamba tutumie ile huduma ya kuamuru kwa sauti, unaongea kinaandika chenyewe, ili kupima matamshi. Anasema ikiandika sawasawa maana yake umetamka sawasawa. Kuna ukweli?

Mama Fonetiki

Ukweli wa nusu. Ile mashine haiandiki ulichotamka, inakisia maneno yanayoelekea kufuatana. Mwanafunzi akisema "he have", inaweza kumwandikia "he has" kwa kuwa ndivyo ilivyozoea, na yeye akaamini amepatia. Upande wa pili, mtu anayeeleweka vizuri kabisa kwa binadamu anaweza kuandikiwa mauzauza kwa sababu tu lafudhi yake haimo kwa wingi kwenye sauti zilizotumika kuifundisha. Ukimpa maksi kwa kigezo hicho unamwonea.

Inafaa kama mchezo, na kwa neno moja moja, kwa sababu hapo haina muktadha wa kukisia. Wape jozi kama "light" na "right", "ship" na "sheep", wajaribu mpaka iandike wanachokusudia. Kwanza waende kwenye mipangilio wachague aina ya Kiingereza, maana ipo ya Uingereza, Marekani, Australia, India na nyinginezo, na matokeo yanabadilika. Dakika tano zinatosha. Maksi usiweke.

Kalamu Nyekundu

Nami niongeze kuhusu "vionekane vikitumika". Hifadhi rekodi ya wiki ya kwanza na ya wiki ya mwisho ya kila kikundi, mada ile ile. Mkuu wa idara akija, mchezeshee zote mbili. Hiyo inamridhisha kuliko picha ya watu arobaini wameinamia skrini.

Mwalimu wa Zamu

Nimepanga hivi kwa kipindi kijacho, mnirekebishe. Vishikwambi kumi na tatu tu vinatoka, kikundi kimoja kitakuwa na watu wanne. Dakika tatu za kujiandaa, maneno matano. Skrini kifudifudi, mazungumzo dakika nne, wa tatu anarekodi na kuandaa swali. Kunukuu dakika moja. Kurudia na mtu mpya. Saa ya pili naweka picha zenye tofauti, hapo kila mtu na chake. Ile ya 4/3/2 naiacha kwanza, nitaileta wakishazoea kurekodi.

Kilichobaki: rekodi zikae wapi? Kuna mabinti wawili wamenifuata wakasema hawataki sauti zao zibaki kwenye vifaa vya chuo.

Mkimya wa Nyuma

Wana haki. Vishikwambi vya chuo vinazunguka, leo unacho wewe, kesho darasa jingine. Mimi nilikuta rekodi ya mtu nisiyemjua akijieleza kuhusu familia yake.

Fundi Waya

Waombe idhini kwa maandishi kabla ya kurekodi, na asiyetaka awe msimamizi wa muda, asikose maksi kwa hilo. Rekodi za kila wiki zifutwe kabla kipindi hakijaisha, wanafunzi wenyewe wafute mbele yako, na waondoe hadi kwenye kapu la vilivyofutwa, maana vifaa vingi huvihifadhi humo kwa siku kadhaa. Zile mbili za mwanzo na mwisho zihamishie kwenye diski ya idara yenye nenosiri, jina la faili liwe namba ya kikundi. Na hakikisha vishikwambi havijaunganishwa na akaunti ya mtu binafsi inayopakia kila kitu chenyewe mawinguni, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hilo liangalie leo, kabla ya kipindi.