Miss Tanzania: tubishanie mkataba wa mrembo, gauni lake tuliache

Wakuu,

Kila msimu wa Miss Tanzania ukikaribia, ugomvi ni uleule. Kuna wanaosema mashindano yanaharibu mabinti, na kuna wanaosema yanawatoa kimaisha. Nimeufuatilia ubishi huu kwa miaka mingi na naona pande zote mbili zinakwepa jambo lilelile: tunamjadili binti aliyepanda jukwaani, aliyempandisha hatumgusi.

Turudi nyuma kidogo. Theresa Shayo alivikwa taji mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na baada ya hapo mashindano yakapigwa marufuku kwa hoja kwamba hayaendani na utamaduni wetu. Yaliporudi mwaka 1994 alishinda Aina Maeda, na kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni ya LINO chini ya Hashim Lundenga. Muda wote huo silaha kubwa ya wapinzani ilikuwa vazi la ufukweni. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona ulazima wa binti kupita na vazi la kuogelea mbele ya ukumbi uliojaa watu waliovaa suti. Lakini Miss World, ambako ndiko mshindi wetu hupelekwa, ilitangaza kuachana na kipengele hicho mwishoni mwa 2014. Na hata kilipokuwapo, nani alilichagua lile vazi? Mshiriki alipangiwa, akavaa, kisha lawama zikamwangukia yeye. Mwandaaji na mdhamini hawakutajwa.

Mwaka 2007 ndio unaoniuma zaidi. Richa Adhia, Mtanzania mwenye asili ya Kiasia, alishinda, na nchi ikageuka mahakama ya rangi ya ngozi. Watu waliuliza kama anafaa kutuwakilisha, kana kwamba alijipa taji mwenyewe. Kulikuwa na majaji, kulikuwa na vigezo, kulikuwa na kamati. Aliyekuwa na hoja dhidi ya vigezo alipaswa kuipeleka kwa kamati. Badala yake binti ndiye aliyebeba kila neno. Mwaka huohuo Flaviana Matata alishinda Miss Universe Tanzania akiwa amenyoa kichwa, akaenda Mexico na kuingia kumi bora ya dunia. Nashangaa hadi leo kwamba mwaka ulioonyesha wazi jinsi uzuri wetu ulivyo mpana, wengi waliutumia kuubana.

Halafu ikaja 2014. Mshindi aliachia taji baada ya utata kuhusu umri wake, taji likaenda kwa Lilian Kamazima, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikayafungia mashindano. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Umri ni jambo la karatasi. Kuna cheti cha kuzaliwa, kuna hati ya kusafiria, kuna vyeti vya shule. Ni kazi ya asubuhi moja kuvikagua kabla binti hajaingia kambini. Kama ukaguzi haukufanyika huko chini, kuanzia kitongoji, wilaya na kanda, basi kosa la kwanza ni la waliopokea fomu. Ila sisi tulitumia majuma kadhaa kumchambua msichana mmoja, na kufungia kukaja kuwaadhibu wasichana wa msimu uliofuata ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Sasa niwageukie watetezi, maana nao nina neno nao. Mtanitajia Nancy Sumari, aliyeshinda 2005 na kuwa Miss World Afrika mwaka huohuo. Mtamtaja Hoyce Temu aliyefika kwenye diplomasia, Faraja Kotta na Shule Direct yake, Happiness Magese aliyejitokeza hadharani kuzungumzia endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu za mfuko wa uzazi kuota nje yake, wakati ambapo wengi hawakuwa hata wamelisikia jina la ugonjwa huo. Mtamtaja Jokate Mwegelo, ambaye 2006 taji lilikwenda kwa Wema Sepetu, lakini 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Yote kweli, na najivunia kila mmoja wao. Lakini mnataja waliofika juu. Mimi nauliza habari za yule wa ngazi ya wilaya, aliyejinunulia viatu na kujilipia nywele, aliyekatisha masomo kwenda mazoezini kila jioni, akaishia nafasi ya nne na kurudi nyumbani na mkufu wa maua na ahadi ya "tutakupigia". Kwa kila jina moja tunalolikumbuka wapo makumi wa aina hiyo. Bila wao hakuna fainali ya taifa, kwa sababu ndio wanaojaza kumbi ambazo tiketi zake zinauzwa.

Ndiyo maana nasema mjadala uhamie kwenye mkataba. Mchezaji wa ligi kuu husaini mkataba unaosajiliwa TFF, shirikisho la soka nchini, na klabu isipomlipa anajua pa kushtaki. Mrembo wa miaka kumi na tisa anasaini nini? Picha zake ni za nani, na kwa muda gani? Akipata tangazo la biashara, mwandaaji anachukua kiasi gani? Zawadi iliyotangazwa jukwaani iko wapi usiku ule inapotangazwa?

Msimamo wangu ni huu. BASATA, ambayo ndiyo inayotoa kibali, isitoe kibali cha shindano la ngazi yoyote mpaka fedha za zawadi ziwe zimewekwa benki. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, mshiriki apewe siku kadhaa za kuusoma na mzazi au mwanasheria, na nakala abaki nayo. Kambini awepo matroni asiyelipwa na mwandaaji, mwenye mamlaka ya kumfukuza mdhamini au mgeni yeyote anayekuja kuomba namba za simu za wasichana. Hili la mwisho ndilo ningelianza nalo kama ningekuwa na uwezo wa kuamua, kwa sababu wazazi wengi wanaokataa binti zao wasishiriki hawaogopi gauni. Wanaogopa watu wanaozunguka kambi.

Suala la walioolewa na wenye watoto kuruhusiwa sitalirefusha. Miss Universe iliwafungulia mlango mwaka 2023 na mashindano yao hayajafa. Sisi tunafuata masharti ya Miss World, basi waandaaji wetu wapeleke hoja huko.

Kuna atakayesema mapromota watakimbia tukiwabana hivi, hasa wa mikoani wenye mitaji midogo. Naielewa hofu hiyo. Lakini promota ambaye hana fedha za zawadi kabla ya shindano anafanya biashara kwa jasho la washiriki, na huyo akikimbia sitamlilia. Tangu 2018 mashindano yalipokwenda kwa Basila Mwanukuzi, ambaye naye ni Miss Tanzania wa 1998, niliamini haya yangekuwa ya kwanza kushughulikiwa, kwa kuwa yeye amesimama pale walipo mabinti hawa. Bado nayasubiri hadharani, kwa maandishi.

Nawaomba hasa mliopita kambini, au mlioandaa ngazi ya wilaya na kanda, mseme: mkataba mliosaini ulikuwa na vipengele gani, na nakala ilibaki kwa nani? Na anayepinga zawadi kuwekwa benki kabla ya kibali atupe sababu yake.