Plagi inayeyuka ilhali mita inasoma volti 230, shida iko wapi?

Mama Tangawizi (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nauza chai karibu na soko la Mbuyuni. Baridi hii ya Julai wateja wanawahi, kwa hiyo nachemsha maji kwa mabirika mawili ya umeme, kila moja wati 2000, yote kwenye ekstensheni moja. Plagi yake imebadilika rangi na leo imetoa harufu ya kuungua. Fundi kazima mabirika, kapima soketi, kasoma volti 230, kasema umeme hauna shida, ninunue plagi nyingine. Hii yenyewe ni ya pili!

Kibo Juu
Pole sana dada. Chomoa kwanza, mengine baadaye. Volti ni msukumo tu, kinachounguza plagi ni mkondo unaopita. Gawanya 2000 kwa 230, unapata ampea 8.7. Mabirika mawili ni 17.4, na plagi hizi za pini tatu bapa mwisho wake ni ampea 13.

Mama Tangawizi
Mbona hata nikiwasha moja bado inapata moto, ingawa siyo sana? Na fyuzi mbona haikatiki?

Kijana wa Pasua
Ifungue plagi uangalie kama fyuzi hawakuizungushia kipande cha waya. Ila hata fyuzi nzima ya 13 hubeba ampea 17 muda mrefu, usiitegemee.

Kibo Juu
Hilo la birika moja ndilo muhimu. Birika lina ukinzani, yaani kinachozuia mkondo usipite kirahisi, wa omu 26 hivi, na kupata moto ndiyo kazi yake. Soketi ikilegea, au skrubu ya plagi isipokazwa, panazaliwa ukinzani mwingine pasipotakiwa. Tuseme nusu omu. Joto lake ni ampea mara ampea mara omu: 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38, zote mahali padogo kama punje ya mahindi. Ukiwasha mawili, ampea zinakuwa mara mbili lakini joto linakuwa mara nne, wati 150! Fundi hakuliona kwa sababu alipima mabirika yamezimwa. Bila mkondo kupita, hakuna volti inayopotea pale.

Mama Tangawizi
Kweli soketi ya ukutani inacheza, plagi haikazi. Nikinunua ekstensheni ya waya mnene?

Kibo Juu
Waya mnene unapunguza ukinzani wa waya, haukazi soketi. Badilisha soketi, na kila birika lipate soketi yake ukutani, waya wa milimita za mraba 2.5. Fundi azime meni swichi kabla ya kufungua chochote.

Mama Tangawizi
Asante sana kaka. Kesho naanza na gesi mpaka soketi ibadilishwe.