Ngiri ya kwenye mshono imetoa kidonda, tungoje kliniki?

BintiMuheza: Habari zenu wakuu. Mama alipasuliwa tumbo zamani, utumbo ulitoboka kwa taifodi. Mshono uliingia usaha, ukachelewa kufunga. Baadaye palepale pakaota uvimbe; akilala unarudi, akisimama unatoka. Hospitali wakasema ngiri. Kwa kuwa haumi, amegoma kupasuliwa tena. Sasa ngozi ya juu imekuwa kama ganda la kitunguu, utumbo ukicheza unauona. Juzi kumetokea kidonda, kinavuja maji. Anapaka majani na kujikaza kanga. Kliniki yake ni mwezi ujao.

SistaWodi: Dada, mpeleke leo. Nipo wodi ya upasuaji. Wengi wanaijua ngiri iliyonyongwa: uvimbe unagoma kurudi, mtu anatapika, choo na hewa vinafunga. Ya mama ni nadra zaidi. Ngozi ikikosa damu inakufa, halafu akikohoa au akijikamua chooni inachanika, utumbo unatoka nje. Au kidonda kinachimba mpaka kwenye utumbo, kinyesi kinatokea nje kupitia kidonda hicho. Majani acheni, na kanga isibane kidonda. Ikichanika njiani, msiurudishe kwa mkono! Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu ya chumvi, juu yake nailoni safi. Alale chali, magoti ameyakunja, asile wala asinywe.

MkulimaKilosa: Mnamtisha mama wa watu. Yangu ina miaka, nalima nayo. Choo napata vizuri, shida iko wapi?

SistaWodi: Mzee wangu, choo si kipimo. Kuna ngiri inayobana upande mmoja tu wa utumbo: choo kinapita kama kawaida huku ukuta uliobanwa unaoza. Ikianza kuuma na kuwa ngumu, weka jembe chini uende.

MamaPacha: Kwa mdogo wangu ni mji wa mimba ulioingia kwenye ngiri ya kovu la upasuaji wa uzazi. Tumbo lilining'inia mpaka mapajani. Akalazwa mapema, akajifungua kwa upasuaji, wote wazima.

BintiMuheza: Asanteni, tumepata bajaji. Ila ana sukari, watampasua kweli?

SistaWodi: Wataishusha kwanza kama hali inaruhusu. Na kidonda kikiwa kichafu, daktari anaweza kuahirisha kuweka wavu, ule wa kuimarisha ukuta wa tumbo ngiri isirudi, maana ukishika usaha ni kazi kuutoa. Kwa hiyo msishangae wakisema atarudi mara ya pili. Beba kadi ya sukari na dawa zake zote.